Maswali ya Wasomaji: Bourbon kwenye joto la Kusini

Barua za safari hii kutoka Mtwara na Lindi zimeleta lalamiko moja kwa sura nyingi. Mtu kanunua Bourbon, ile wiski ya Kimarekani ya mahindi, ya bei ya kueleweka, kamimina, kainusa, pua imewaka, kaandika "kali mno" na chupa ikarudi kabatini. Kwa maoni yetu, nyingi kati ya chupa hizo hazina kosa lolote. Kosa liko kwenye joto la chumba, kwenye glasi na kwenye kipimo, kwa hiyo tumeanzia hapo. Safu hii ni ya waliotimiza miaka 18 ambao tayari wanakunywa. Asiyekunywa hatumshawishi aanze.

Habari za kazi, wahariri. Nina Bourbon ya Wild Turkey 101. Nikiinusa sebuleni jioni machozi yananitoka, na hiyo vanila wanayoisifia watu siioni. Pua yangu mbovu au nimeuziwa feki? – Msomaji, Shangani, Mtwara

Pua yako nzima, ndugu, na katika maelezo yako hatuoni dalili ya feki. Namba 101 ni kipimo cha Kimarekani ambacho ni mara mbili ya asilimia, kwa hiyo unanusa kinywaji chenye alkoholi asilimia 50.5. Sasa kiweke sebuleni Shangani, nyuzi 30 na feni inazunguka. Kwenye nyuzi 30 mvuke wa alkoholi una nguvu zaidi ya mara moja na nusu kuliko kwenye nyuzi 20, na wengi wanaoandika habari za vanila na karameli huwa wamekaa kwenye vyumba vya nyuzi 20 au chini yake. Wewe na wao hamjanusa kitu kimoja.

Fanya hivi. Onja asubuhi, saa tatu au saa nne, kabla bati halijapata moto. Zima feni, kwa sababu inapeperusha harufu nyepesi za matunda na maua na kukuachia mwako tu. Mimina mililita 15, usizidishe. Tumia glasi yenye tumbo pana na mdomo mwembamba. Glasi iitwayo Glencairn, iliyoingia sokoni 2001, imetengenezwa kwa kazi hii, lakini glasi ndogo ya mvinyo yenye shina inatosha kabisa. Glasi pana ya soda haifai maana harufu inatawanyika. Toti nayo haifai, kwani ikijazwa haibakizi nafasi ya harufu kukusanyika.

Acha glasi wazi dakika 5, mvuke wa kwanza utoke. Kisha ifunike kwa kisosi na uisimamishe kwenye bakuli la maji ya friji yaliyochanganywa na ya bomba, kimo cha maji kiwe sawa na kimo cha kinywaji. Dakika 5 nyingine zinatosha kuishusha hadi nyuzi 20 au 22. Kama huna kipimajoto cha jikoni, itazame glasi yenyewe. Kuanzia Desemba hadi Aprili, hewa ya pwani ikiwa imejaa unyevu, ukungu mwembamba ukianza kuonekana nje ya glasi ujue umefika. Matone yakianza kuteremka, umepitiliza, itoe uisubiri kidogo. Usiiweke chupa nzima kwenye friza: ikiwa baridi sana utamu hufifia, harufu hujifunga, na utabaki unaonja mbao.

Kunusa nako kuna namna yake. Usiitikise glasi kama mvinyo. Anza nayo kidevuni, mdomo ukiwa wazi kidogo, vuta pumzi kwa pua na mdomo kwa pamoja, halafu ipandishe taratibu hadi pale ambapo mwako unaanza, urudi nyuma kidogo. Hapo ndipo pa kunusia. Jaribu tundu moja la pua kisha jingine, maana mara nyingi moja limeziba kuliko mwenzake. Funda la kwanza, kama mililita 2, ni la kuzoesha mdomo tu na halipewi alama. La pili lizungushe juu na chini ya ulimi kwa sekunde 5 hadi 10 kabla ya kulimeza au kulitema. Ukifanya yote haya na bado machozi yanatoka, ongeza maji. Tazama jibu linalofuata.

Mimi naongeza maji kwa kukisia, siku nyingine inakuwa tamu, siku nyingine inakuwa maji matupu. Kuna kipimo? Na maji gani? – Masasi

Kipimo kipo, na kifaa chake kiko duka la dawa: bomba la sindano la mililita 5, bila sindano, jipya. Gawanya asilimia ya chupa kwa asilimia unayotaka kufikia, toa 1, kisha zidisha kwa mililita zilizo kwenye glasi. Wild Turkey ya msomaji wetu wa Shangani, mililita 15, kuishusha kutoka asilimia 50.5 hadi 45: 50.5 gawanya kwa 45 ni 1.12, toa 1 inabaki 0.12, mara 15 ni mililita 1.8. Chupa ya asilimia 60 ukitaka ifike 45, kwenye mililita 15 zilezile unatia 5 kamili. Kama bomba halipo, matone 20 ya maji ni takriban mililita 1.

Hata ukishajua hesabu, usitie yote mara moja. Tia nusu mililita, subiri dakika 2, nusa, endelea. Kuna hatua ambapo harufu hufunguka ghafla, na hatua moja mbele yake kila kitu kinakuwa chepesi. Chupa ya asilimia 40 kwa kawaida haihitaji kitu zaidi ya matone machache. Ile ya 50 kwenda juu inavumilia mengi. Wachanganyaji wa viwandani hushusha sampuli hadi asilimia 20 ili kunusa kasoro, lakini hiyo ni kazi ya ukaguzi, si starehe.

Kuhusu maji: mengi ya visima vya pwani yana chumvi, na maji ya bomba yana klorini. Vyote viwili utavionja kwenye Bourbon kabla hujavionja kwenye maji yenyewe. Tumia maji ya chupa yenye madini machache, na yawe na joto sawa na kinywaji. Maji ya mvua yaliyovunwa toka kwenye bati yanabeba harufu ya vumbi na tangi. Kwa chai sawa, kwa hapa hapana.

Usishtuke kinywaji kikiwa na ukungu ukitia maji au barafu. Ni mafuta yaliyotoka kwenye uchachu na pipa, yanashindwa kuyeyuka alkoholi ikipungua. Viwanda vingi huyachuja kwa baridi ili kinywaji kibaki angavu. Wasiochuja kwa kawaida huachia chupa yao kwenye asilimia 46 au zaidi. Barafu ni ya kunywea. Unapohukumu, iache.

Shikamooni. Nina ubishi na wenzangu wa shule: Jack Daniel's ni Bourbon au siyo? Na yale maneno mengi kwenye karatasi ya chupa yana maana au ni biashara tu? – Mwalimu, Newala

Marahaba, Mwalimu. Jack Daniel's haijiiti Bourbon, inajiita wiski ya Tennessee. Inakidhi karibu masharti yote ya Bourbon: nafaka zake ni mahindi asilimia 80, kimea cha shayiri 12 na rai, nafaka ya jamii ya ngano, 8. Tofauti ni kwamba kabla ya kuingia kwenye pipa hupitishwa polepole kwenye tabaka nene la mkaa wa mti wa mepo, unaoondoa baadhi ya mafuta na ukali. Basi nyote mmepata alama kidogo.

Masharti yenyewe ni ya kisheria. Bourbon lazima itengenezwe Marekani, na si Kentucky peke yake kama wengi wanavyodai, ingawa sehemu kubwa sana hutoka huko. Nafaka zake ziwe mahindi kwa asilimia 51 au zaidi. Ikikenekwa isizidi asilimia 80 ya alkoholi, ikiingia kwenye pipa isizidi 62.5, na ikiwekwa kwenye chupa isipungue 40. Pipa liwe jipya, la mti wa mwaloni, lililochomwa ndani hadi likawa mkaa. Hakuna rangi wala ladha ya kuongeza, maji tu. Mwaka 1964 Bunge la Marekani lilitangaza kwamba ni kinywaji cha nchi hiyo pekee. Sharti la pipa jipya ndilo linaloipa Bourbon rangi nzito na vanila mapema, na ndilo linaloyafanya mapipa yaliyokwisha tumika yauzwe Scotland na kwingineko kuhifadhia wiski za huko.

Sasa karatasi ya chupa. Neno Straight lina maana: imekaa kwenye pipa miaka 2 au zaidi, na ikiwa chini ya 4 umri lazima uandikwe. Bottled-in-Bond ina maana nzito zaidi, tangu sheria ya 1897: kiwanda kimoja, msimu mmoja wa nusu mwaka, miaka isiyopungua 4 kwenye ghala linalosimamiwa, na asilimia 50 kamili. Ukiona maneno hayo kwenye chupa ya bei ya kati, usiiache. Single Barrel ni pipa moja, kwa hiyo chupa ya leo na ya mwaka ujao zinaweza kutofautiana, andika namba ya pipa kwenye daftari. Small Batch haina tafsiri ya kisheria. Hapo ndipo biashara ilipo.

Kisichoandikwa mara nyingi ni nafaka ya pili. Nyingi hutumia rai, inayoleta viungo vya moto mdomoni. Maker's Mark inatumia ngano mahali pa rai, mahindi 70, ngano 16, kimea cha shayiri 14, ndiyo maana ni laini. Four Roses wao wana michanganyo miwili ya nafaka na aina tano za hamira, hivyo mapishi 10 chini ya paa moja. Mwanafunzi mzuri angeanza na Maker's Mark kando ya Wild Turkey.

Kila maelezo ninayosoma yanataja cheri, tofi na pai ya tufaha. Mimi sijawahi kula cheri. Nitaandikaje mapitio yangu? – Mtanda, Lindi

Usiandike cheri. Anayeandika tunda asilolijua anaiga, na msomaji wa Lindi haelewi chochote. Sokoni Lindi kuna karibu kila kitu unachohitaji, na baadhi ni kemikali ileile hasa, siyo mfano.

Chukua karafuu. Harufu yake inatokana na kitu kiitwacho eugenoli, na mwaloni uliochomwa unatoa eugenoli hiyohiyo. Tumbukiza karafuu moja kwenye kijiko cha maji ya uvuguvugu ndani ya chupa ndogo ya kioo yenye kifuniko, nusa, kisha nusa Bourbon. Nazi iliyokunwa ikakaangwa kavu hadi ianze kubadilika rangi inakaribia harufu ya laktoni, kemikali za mwaloni ambazo mwaloni mweupe wa Marekani unazo kwa wingi. Kwa karameli, pika sukari ya kashata na uivue mara tatu: ikiwa ya dhahabu, ikiwa kahawia, na pale moshi unapoanza. Ya kwanza utaikuta kwenye Bourbon changa, ya tatu kwenye iliyokaa pipani muda mrefu au iliyochomwa sana. Vanila yenyewe inatoka kwenye mbao pia, mti unapopata moto, basi tone moja la vanila ya keki kwenye maji linatosha.

Ndizi mbivu yenye madoa ni kazi ya hamira, na kwenye Jack Daniel's haijifichi. Bisi au mahindi ya kuchoma utayapata kwenye wiski changa. Mdalasini, hiliki na pilipili manga hufuatana na rai. Ganda la chungwa lililokaushwa, zabibu kavu, tumbaku ya kusokota, ngozi ya kiatu kipya, vyote viweke kwenye vichupa. Weka na kimoja cha rangi ya kucha, ukinuse kwa mbali. Harufu hiyo kidogo ni ya kawaida, ikitawala ni kasoro. Vichupa 10 vinatosha. Mwenzako akupe bila wewe kuona, utaje. Wengi hukwama kwenye tatu au nne za kwanza hata kwa vitu vya jikoni kwao, na mazoezi ya wiki chache hubadilisha hali.

Mdomoni kuna jambo tunaloomba mlishike, kwa sababu kwenye mapitio mengi tunayotumiwa vitu vitatu vimerundikwa chini ya "kali". Kuna kuchoma, kunakosikika kooni na kwenye ulimi, na ukiongeza maji kunapungua: hiyo ni alkoholi. Kuna uchungu, unaobaki nyuma ya ulimi baada ya kumeza, na maji hayauondoi: mara nyingi ni mbao au mkaa uliozidi. Na kuna ukakasi, mashavu na fizi vinapokauka na kujikunja. Huo ni tanini ya mwaloni, na hakuna mtu wa Kusini anayehitaji kufundishwa tanini: uma bibo lisiloiva vizuri, huo ndio wenyewe. Ukitenganisha vitatu hivi, mapitio yako yatakuwa na faida kuliko orodha ndefu ya matunda ya ugenini.

Tuko wanne, tunataka kuchanga chupa nne na kuzionja bila kujua ipi ni ipi. Tupangeje, na alama tutoeje? – Mikindani

Chupa nne kwa kikao ndiyo mwisho, pua haibebi zaidi. Chupa ya mililita 750 inatoa vipimo 50 vya mililita 15, kwa hiyo mna vikao vingi mbele na hakuna haja ya kumaliza kitu. Hesabu na kilevi: mililita 15 za asilimia 45 zina gramu 5 na kitu za alkoholi halisi, vipimo vinne ni zaidi ya gramu 20. Kila mmoja awe na kikombe cha kutemea chenye kifuniko, na hakuna kupanda pikipiki baada ya kikao, hata kama ulitema.

Siku hiyo hakuna marashi, hakuna udi, hakuna dawa ya mbu ya kuchoma, na kama jirani anakaanga samaki hamieni chumba kingine. Glasi zioshwe kwa maji ya moto na sabuni kidogo isiyo na harufu, zisuuzwe mara mbili, zikauke zikiwa zimesimama. Zikikaushwa kifudifudi juu ya kitambaa hubeba harufu ya kitambaa.

Mtu wa tano asiyeonja amimine akiwa chumba kingine, aandike A, B, C na D chini ya glasi kwa kalamu ya wino mzito, na abaki na karatasi ya majibu. Hapa kuna mtego: mkipanga kutoka yenye asilimia ndogo kwenda kubwa mnalinda ulimi, lakini mpangilio wenyewe unawaambia kitu. Suluhisho ni kuzishusha zote hadi 40 au 43 kwa hesabu tuliyompa msomaji wa Masasi, kisha kila mtu apewe mpangilio wake. Kati ya glasi na glasi subirini dakika 5, mnywe maji, mle kipande cha muhogo wa kuchemsha usio na chumvi au mkate mweupe mkavu. Korosho wekeni mbali hadi mwisho. Mafuta yake yanapaka ulimi, na za chumvi ndiyo kabisa, zinaifanya wiski mbaya ionekane tamu.

Alama tunazopendekeza ni 100: harufu 30, ladha 35, kinachobaki baada ya kumeza 20, uwiano 15. Kinachobaki kipimeni kwa saa ya simu. Chini ya sekunde 15 ni kifupi, zaidi ya 40 ni kirefu. Kila mtu aandike kimya, na alama zote ziwe zimekwisha kuandikwa kabla mtu yeyote hajafungua mdomo. Bila hivyo mwenye sauti kubwa ndiye atakayepiga kura ya wote wanne. Bei nayo isitajwe hadi karatasi zifunuliwe.

Na akitokea anayeapa kwamba anaitambua chupa yake popote, mpeni glasi tatu, mbili zenye kinywaji kimoja na moja tofauti, aitaje iliyo tofauti. Rudieni mara 5, na vinywaji vibadilishwe nafasi kila mara. Akipata 4 au 5, mwamini, kwa sababu kubahatisha tu kunatoa matokeo hayo chini ya mara 1 katika 20. Akipata 2, yuko sawa na anayefumba macho.

Mwisho, msitoe hukumu ya kudumu siku chupa inapofunguliwa. Onjeni tena baada ya wiki mbili, na tena ikifika nusu. Nyingine hulainika, nyingine hufifia, na kwenye daftari kila tathmini iwe na tarehe ya kufungua na kimo kilichobaki.

Nina vipande vizuri vya mninga kutoka kwa fundi seremala. Nikivichoma na kuvitia kwenye chupa ya Bourbon ya bei nafuu, haitaonja kama ya miaka 12? – Nachingwea

Usifanye hivyo. Mwaloni mweupe wa Marekani haukuchaguliwa kwa bahati. Mishipa yake huziba yenyewe mti unapokomaa, ndiyo maana pipa halivuji, na laktoni na vanila zake ni salama na zinajulikana. Mninga una utomvu mwekundu unaotia rangi kila kitu na kuacha uchungu. Mpingo vumbi lake tu linawaletea mafundi mzio. Na mkorosho, kwa yeyote aliyeanza kuufikiria: mafuta ya ganda la korosho huchubua mikono ya wabanguaji, na hakuna sababu ya kuuleta mti huo karibu na koo lako.

Hata vipande vya mwaloni vya dukani havileti miaka 12. Pipa la kawaida la lita 200 hivi linafanya kazi tatu kwa pamoja: linatoa ladha, mkaa wake unaondoa harufu mbaya, na hewa inayopita taratibu inabadilisha kilichomo. Kijiti kwenye chupa kinafanya ya kwanza tu, na kwa siku chache kinamwaga tanini yote. Utapata ukakasi, si umri.

Niliagiza chupa Dar, ikaja kwa basi, nimekuta kizibo kimelowa na kimo kimeshuka. Imeharibika? Na kwa joto letu niihifadhi wapi? – Kilwa Masoko

Wiski huvimba ikipata joto. Mililita 750 zikipanda nyuzi 20 kwenye buti la basi huongezeka kwa takriban mililita 10, hewa ya shingoni inabanwa na kizibo kinasukumwa. Ikiwa imepungua kidogo na harufu ni ya kawaida, inywe bila wasiwasi, lakini ianze mapema. Ikiwa utepe wa kizibo umekatika kabisa, irudishe kwa aliyekuuzia. Safari ijayo omba isafiri imesimama, sehemu ya abiria, siyo kwenye buti.

Nyumbani iweke kabati la chini, gizani, imesimama. Usiilaze kama mvinyo, kwani alkoholi kali hula kizibo cha gome na kukivunja. Juu ya kabati karibu na bati ndipo mahali pabaya kuliko pote. Wiski haiendelei kukomaa ndani ya chupa, hivyo kuiweka miaka 5 hakuongezi kitu. Ikibaki robo, ihamishie kwenye chupa ndogo ya kioo na uijaze hadi shingoni. Usitumie chupa iliyokuwa na dawa ya kikohozi: kioo kitasafika, kifuniko hakitasafika.

Nitajuaje kama ni feki? Wazee wanasema tikisa uone mapovu, au iwashe uone moto wa bluu. – Ligula, Mtwara

Mapovu yanakuambia alkoholi ni nyingi au kidogo, basi. Moto haukuambii lolote la maana, na methanoli, ile sumu inayopofusha na kuua, haionekani kwa mapovu, haijulikani kwa kunusa wala kwa kuonja. Kwa hiyo ukaguzi wote uishie kabla ya mdomo. Stempu ya kielektroniki ya TRA, inayobandikwa kwenye vinywaji vikali tangu 2019, iwepo, isiwe imechanika na kubandikwa upya, na uikague kwa simu. Kizibo kitoe mlio wa kukatika utepe. Maandishi yasiwe na makosa, kimo cha chupa mbili za aina moja kilingane. Bei ikiwa nusu ya kwingine, ondoka.

Gongo ya mabibo, ile nipa, hatuijadili kama kinywaji cha kuonjea. Kuipika bila leseni ni kosa. Tena mabibo, kama matunda mengine, yana pektini, na pektini ndiyo inayozaa methanoli wakati wa uchachu, jambo ambalo nafaka hazina kwa kiasi hicho. Mpishi wa kichakani hana kipimo cha kujua kimebaki kiasi gani. Mtu aliyekunywa kinywaji cha mashaka, na saa 12 au 24 baadaye akaona ukungu machoni, akatapika au kupumua kwa shida, apelekwe hospitali hapohapo. Asisubiri "pombe iishe".

Naishi na wazazi, hawanywi na sitaki kuwakwaza. Harufu inabaki muda gani? – Chikongola

Kwenye glasi iliyoachwa usiku, hadi asubuhi, na ndipo Bourbon inaponuka zaidi. Suuza palepale kwa maji ya baridi, kisha ya moto. Kikombe cha kutemea kimwagwe chooni na maji mengi yafuatie. Nunua glasi zako, bomba lako na kitambaa chako, viwe na sanduku lao na visiingie kwenye kabati la vyombo vya nyumba hata siku moja. Na kama wazazi wamesema hapana, daftari na vichupa vya karafuu na nazi unaweza kuendelea navyo nyumbani. Chupa ikae kwa rafiki.